Namna ya kuzuru Kanisa Kuu la Chartres: anzia nje, uliza mzigo unakwenda wapi

Mara ya kwanza kufika Chartres, Ufaransa, nilikosea kama wanavyokosea wengi: niliingia ndani moja kwa moja. Ilikuwa Desemba, saa kumi na nusu jioni, mawingu yameshuka hadi kwenye minara. Ndani giza, madirisha meusi ti, nami sijui nitazame nini. Nikapiga picha tano zilizotoka na ukungu, nikawasha mshumaa, nikarudi stesheni nikijiuliza watu husifia nini hapa.

Mwaka uliofuata nilirudi, Juni, na safari hii nilikwenda na swali la marehemu mjomba wangu, aliyekuwa mwashi huko Tanga. Mjomba hakuwa mtu wa kusema jengo ni zuri au baya. Alilitazama, akakuna kidevu, akauliza, "Mzigo unakwenda wapi?" Akipata jibu, alitikisa kichwa kwa kuridhika na kuendelea na safari yake. Swali hilo ndilo lililonifungulia Chartres, na ndilo nitakalolitumia hapa. Si lazima uwe mkandarasi, wala si lazima uwe Mkatoliki. Utahitaji muda wa saa nne, viatu vya kutembelea, na shingo isiyochoka upesi. (Habari za viza siziingii, hizo zina mwongozo wake na machozi yake.)

Kwa nini Chartres na si Paris

Notre-Dame ya Paris ilifunguliwa tena Desemba 2024 baada ya ule moto wa 2019, na tangu hapo foleni yake ni ndefu. Kanisa kuu la Cologne, Ujerumani, lina minara ya mita 157, lakini lilianza kujengwa mwaka 1248, likasimama karne kadhaa, likaja kumalizika 1880. Ni kubwa, ila limepita mikono mingi.

Chartres ni tofauti. Tarehe 10 Juni 1194 moto uliteketeza mji na kanisa la zamani. Vilivyosalia ni kanisa la chini ya ardhi na uso wa magharibi pamoja na minara yake. Watu walidhani vazi linaloaminiwa kuwa la Bikira Maria, lililoletwa hapo mwaka 876, limeungua nalo. Siku chache baadaye likatolewa chini likiwa zima. Wakaona ni ishara kwamba Maria anataka nyumba nzuri zaidi, na fedha zikaanza kumiminika. Kufikia 1221 mapadri walikuwa wameshakaa katika viti vyao vya kwaya, yaani ile sehemu ya kanisa iliyo karibu na altare. Yaani sehemu kubwa ya jengo ilisimama ndani ya umri wa mtu mmoja, bila zege la nondo, na ndiyo maana lina wazo moja toka mwanzo hadi mwisho. Jina la fundi mkuu halikuhifadhiwa.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Kitu cha kwanza cha kupanga ni jua. Nenda kati ya Aprili na Septemba kama unaweza. Ukitaka kuikanyaga labirinti, ile njia iliyojikunja ndani ya duara sakafuni (nitaifikia), nenda Ijumaa, kwa sababu siku nyingine huwa imefunikwa na viti. Kwa kawaida viti huondolewa siku za Ijumaa kuanzia Kwaresima hadi karibu na Novemba, lakini tazama ratiba ya kanisa kabla ya kukata tiketi.

Treni huondoka stesheni ya Montparnasse, Paris, kuelekea upande wa Le Mans. Ni safari ya saa moja na ushee. Ratiba huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo ukiona 15:30 ujue ni saa tisa na nusu alasiri. Nimeshamwona Mswahili mwenzangu akiikosa treni kwa hesabu hiyo ya kuongeza na kutoa sita. Panda ya asubuhi.

Ukikaribia, tazama dirishani. Nchi ya Beauce ni tambarare ya ngano, na kanisa huonekana kutoka mbali kama merikebu iliyotia nanga shambani, kabla hujaona nyumba hata moja ya mji.

Beba darubini ndogo ya mkononi. Nasema kwa msisitizo: bila darubini utaona rangi tu, na hadithi zilizomo zitakupita.

Hatua ya 2: Fanya jaribio la mezani

Hili lifanye nyumbani. Chukua vitabu viwili vyenye jalada gumu, uviegemeze vichwa kama paa la kibanda. Ukibonyeza juu kwa kidole, miguu ya vitabu inateleza kwenda nje na kibanda kinalala. Sasa weka kikombe kizito kila upande, penye miguu. Bonyeza tena. Kibanda kinasimama.

Dari la mawe hufanya kazi hivyohivyo. Mawe yaliyopangwa kama tao hayabonyezi chini tu, yanasukuma na pembeni. Wajenzi wa kabla ya mtindo wa Kigothi, ambao ndio mtindo wa Chartres, walijibu msukumo huo kwa kuta nene, nene kweli, zenye vidirisha vidogo, kwa sababu kila tundu unalotoboa unaupunguza ukuta nguvu. Mafundi wa Kigothi wakauliza: kama ni kikombe kinachozuia kitabu, ukuta katikati una kazi gani?

Ukiwa Dar es Salaam na safari ya Ulaya bado ni ndoto, nenda Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile la Sokoine Drive linalotazama bandari. Lilijengwa kati ya 1897 na 1902, enzi za Wajerumani, kwa kuiga mtindo huu. Zoeza jicho pale kwenye matao yaliyochongoka.

Hatua ya 3: Zunguka nje kwanza, dakika 45 nzima

Kutoka stesheni hadi kanisani ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu. Ukifika uwanjani, lango litakuvuta. Lipite. Shika upande wa kusini, usimame mbali kidogo na ukuta, utazame juu.

Utaona maboma ya mawe yaliyosimama nje ya jengo, kila moja nene kama kibanda cha mlinzi, yakipanda ngazi kwa ngazi. Kutoka juu ya kila boma, matao yanaruka hewani na kuigusa sehemu ya juu ya ukuta. Hivyo ndivyo vikombe vyako vya mezani. Dari la ndani linasukuma nje, tao linapokea msukumo na kuuvusha hewani hadi kwenye boma, na boma linaushusha ardhini. Mjomba angeishia hapo, angekuwa ameshapata jibu lake.

Wewe usiishie. Tazama matao hayo kwa darubini: yale mawili ya chini yameunganishwa na vinguzo vifupi vilivyopangwa kama spoku za baiskeli. Kwa nini? Kupunguza uzito bila kupoteza nguvu, na pia, naamini, kwa sababu fundi aliona raha kuyachonga. Chartres ni miongoni mwa majengo ya mwanzo kabisa ambayo matao haya ya kuegemeza yalipangwa tangu kwenye mchoro, yakabeba kazi kubwa hivi. Hayakubandikwa baadaye ukuta ulipoanza kupasuka.

Ukiendelea kuzunguka hadi nyuma, upande wa mashariki, matao yanazidi kuwa mengi, yamejipanga nusu duara kama watu wanaosukuma gari lililokwama. Bustani iliyopo huko inatazama mji wa chini na mto Eure. Kaa kwenye benchi, ule ulichobeba.

Juu kabisa kuna paa la kijani. Ni shaba iliyoota kutu. Paa la zamani lilikuwa na kenchi za mbao nyingi mno hata zikaitwa "msitu". Ziliungua Juni 1836, na badala yake zikawekwa kenchi za chuma. Moto ule haukulivunja dari la mawe lililo chini yake, na hiyo ndiyo faida nyingine ya kuezeka ndani kwa jiwe.

Rudi sasa mbele. Minara miwili haifanani, na mtu asikwambie ni kosa. Wa kusini, wa karne ya 12, una urefu wa mita 105 hivi na ncha isiyo na pambo. Wa kaskazini ulikuwa na ncha ya mbao, radi ikaiunguza mwaka 1506, na fundi Jehan de Beauce akajenga ncha mpya ya mawe kati ya 1507 na 1513, zaidi ya miaka mia tatu baada ya mwenzake. Mmoja amevaa kanzu nyeupe, mwingine joho la harusi lenye darizi. Mimi ni mtu wa kanzu.

Hatua ya 4: Simama mlangoni

Milango mitatu ya magharibi iliponea ule moto wa 1194. Ilichongwa miaka ya 1145 hadi 1155. Sanamu zilizo kando ya milango ni za wafalme na malkia wa Agano la Kale, ndefu na nyembamba kuliko binadamu yeyote, mikunjo ya nguo imenyooka kama mifereji. Wanafunzi wengi huambiwa kwamba wachongaji wa zamani hawakujua kuchonga miili. Tazama nyuso kwanza, halafu uamue. Nyuso hizo ni za watu. Miili imerefushwa makusudi kwa sababu sanamu hizi ni nguzo. Zinashiriki katika kubeba mlango, angalau kwa macho.

Juu ya mlango wa kushoto kuna miezi ya mwaka na kazi zake za shamba, mkulima akiota moto wakati wa baridi, mwingine akishughulika na mavuno. Upande wa kulia kuna elimu saba za zama zile, na chini ya Muziki, aliyechongwa kama mtu anayegonga kengele, ameketi Pythagoras akiandika. Mwanahisabati Mgiriki asiye Mkristo, mlangoni mwa kanisa. Chartres ilikuwa na shule mashuhuri, na shule ile iliamini kwamba hesabu ni njia mojawapo ya kumjua Mungu.

Hatua ya 5: Ingia, usitembee

Kuingia kanisani ni bure. Vua kofia, zima sauti ya simu, na kama misa inaendelea, kaa nyuma usubiri.

Ukishaingia, simama. Macho yanahitaji dakika tano hadi kumi kulizoea giza, na wageni wengi huwa wameshafika altareni kabla macho yao hayajafunguka. Subiri, halafu tazama ukuta wa kushoto kutoka chini hadi juu. Una tabaka tatu: matao makubwa chini, ujia mwembamba wenye vinguzo katikati, na madirisha makubwa juu. Makanisa ya kizazi kilichotangulia yalikuwa na tabaka nne, kwani palikuwa na roshani nzima ya kusaidia kuukaza ukuta. Chartres iliiondoa roshani hiyo, maana matao uliyoyaona nje yameshaichukua kazi yake. Nafasi iliyopatikana wakawapa madirisha, hata yale ya juu yakawa karibu sawa kwa urefu na matao ya chini.

Inua macho hadi darini, mita 37 hivi, sawa na jengo la ghorofa 12. Utaona mbavu za mawe zikikatizana. Chagua ubavu mmoja, uufuatishe kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma: unashuka kutoka katikati ya dari, unakuwa mstari mwembamba ukutani, unapita kando ya dirisha, unaingia kwenye nguzo, unafika sakafuni karibu na kiatu chako. Rudia upande wa pili. Baada ya mara tatu hutaona tena ukuta, utaona mifupa.

Sasa matao yenyewe. Tao la duara lina ukaidi wake: urefu wake ni nusu ya upana wake, hakuna mjadala. Ukitaka matao ya upana tofauti yakutane kimo kimoja, umekwama. Tao lililochongoka halina sharti hilo. Unaweza kulivuta juu upendavyo juu ya upana uleule, na msukumo wake wa pembeni unapungua kwa sababu mzigo unaelekea chini zaidi. Na tao hili si uvumbuzi wa Wafaransa. Mafundi wa nchi za Kiislamu walilitumia kabla yao, na sisi tunalo Kilwa na Gedi, katika mawe ya matumbawe. Lililokuwa jipya ni kuliunganisha na mbavu za dari na yale matao ya nje, vitatu vikafanya kazi kama kitu kimoja.

Jambo moja ambalo wengi hawalioni, nami sikuliona mpaka safari ya tatu: tembea kati ya nguzo kubwa uziguse kwa macho. Moja ina kiini cha duara na vinguzo vyenye pande nane. Inayofuata ina kiini chenye pande nane na vinguzo vya duara. Zinapokezana hivyo ukumbi mzima. Mawe yake yalitoka machimbo ya Berchères, kilomita chache kutoka mjini, yakakokotwa, yakachongwa, yakapandishwa kwa winchi za mbao zilizozungushwa na watu wanaotembea ndani ya gurudumu, na timazi ikaamua yaliyonyooka na yaliyopinda.

Hatua ya 6: Soma vioo kutoka chini kwenda juu

Kuna madirisha 176 ya vioo vya rangi, jumla ya meta za mraba 2,600 hivi, na mengi ni yaleyale ya karne ya 13. Usijaribu kuyamaliza. Chagua matano.

Kanuni ni moja: anza chini, soma kushoto kwenda kulia, panda. Anza na dirisha la Nuhu, ujia wa kaskazini wa ukumbi mkuu. Chini kabisa utawaona maseremala, watengeneza magurudumu na watengeneza mapipa wakiwa kazini. Hao ndio wanaohusishwa na uchangiaji wa dirisha, na si ajabu walichagua hadithi ya jahazi la mbao. Vuka upande wa kusini, utafute dirisha la Msamaria Mwema. Lake ni la washona viatu. Weka darubini kwenye tabaka la chini: mtu ameinama juu ya kiatu, mkono umeinuliwa, kama fundi yeyote wa chini ya mwarobaini.

Kisha nenda upande wa kusini wa kwaya, karibu kabisa na mkono wa msalaba wa jengo. Hapo yupo Bikira Maria wa buluu, kioo cha miaka ya 1180 hivi kilichonusurika moto na kutiwa ndani ya dirisha jipya, malaika wa karne ya 13 wakimzunguka. Buluu hiyo imetokana na madini ya kobalti. Picha ya simu haiwezi kuishika, na nimeacha kujaribu.

Kwa madirisha matatu ya waridi, yale makubwa ya duara kama ua lililochanua, fuata jua. La kaskazini lina mwanga mtulivu siku nzima. La kusini lione mchana. Chini yake Wainjilisti wanne wamekaa mabegani mwa manabii wanne, Mathayo juu ya Isaya, Luka juu ya Yeremia, Yohana juu ya Ezekieli, Marko juu ya Danieli, kama watoto waliobebwa ili waone gwaride. La magharibi liache hadi alasiri, jua likilipiga kwa nyuma.

Unapovitazama, kumbuka kwamba mwaka 1939, vita ikikaribia, vioo hivi vilishushwa kimoja kimoja na kufichwa mbali. Jengo lenyewe lilibaki. Agosti 16, 1944, Wamarekani walishuku kwamba Wajerumani wanatumia minara kuelekeza mizinga. Kanali Welborn Griffith alijitolea kwenda kuhakikisha, akakuta hamna askari, na kanisa halikupigwa. Aliuawa siku hiyohiyo katika mji jirani wa Lèves.

Hatua ya 7: Ya pembeni, ukiwa na muda

Kanisa la chini ya ardhi, la karne ya 11, huonwa kwa ziara ya kulipia inayoongozwa. Kama unapenda mawe kuliko vioo, lipa. Uzio wa kwaya una sanamu ndogo za hadithi za Yesu na Maria, kazi iliyoanza mwaka 1514. Zungukeni taratibu kama mna watoto, wanaipenda.

Utashangaa kuona kuta nyingine zimepakwa rangi ya maziwa. Ni ukarabati ulioanza 2009, na umegombanisha watu. Nilianza upande wa wanaolalamika, nikahama: chini ya masizi mafundi walikuta mabaki ya rangi ya zamani, na weusi tuliouzoea ulikuwa moshi wa mishumaa na wa moto. Lakini Bikira Mweusi wa Nguzoni, sanamu iliyoheshimiwa na mahujaji kwa rangi yake ile, nayo ilipakwa ngozi nyeupe mwaka 2014. Walieleza kwamba weusi haukuwa wake wa asili. Huenda. Hapo bado sijahama.

Hatua ya 8: Maliza kwa labirinti

Ikiwa ni Ijumaa na viti vimeondolewa, vua viatu ukitaka, uingie. Duara lina upana wa karibu mita 13, lakini njia iliyojikunja ndani yake ina urefu wa mita 261 na nusu. Haina njia panda wala mtego. Ukifuata tu, unafika. Mara inakupeleka karibu kabisa na katikati, mara inakutupa ukingoni. Utapishana na watu uso kwa uso, mtu mmoja akija na wewe ukienda, wote mkiwa kwenye njia ileile. Sogea, mpishe.

Katikati kulikuwa na bamba la shaba, likang'olewa mwaka 1792 ili kuyeyushwa kutengeneza mizinga. Vishina vya misumari yake bado vipo sakafuni, utavihisi kwa unyayo. Kutoka unaweza kukata moja kwa moja hadi mlangoni, ingawa wengi hurudi kwa njia yote.